Sheria za Lundo la Vitunguu

Sheria ya kwanza ilipitishwa kwa ajili yangu, kwa hiyo siwezi kuusimulia mchezo ule kama mtu wa pembeni. Nilikuwa mkamwana katika nyumba ya wakulima wa vitunguu hapa Misigiri, Mnyaturu wa Ikungi niliyeolewa kwa Wanyiramba, na mwanangu wa kwanza alikuwa amepewa jina la marehemu babu yake. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au awe amekufa. Basi mtoto niliyemzaa mwenyewe nilimwita "wewe" au "baba", na akiwa mbali nilimpigia makofi.

Jirani yetu mmoja aliijua shida hiyo na akaifanya starehe yake. Alikuwa Mgogo wa Kintinku aliyeolewa huku, na tangu afike alijitangaza mtani wa kijiji kizima bila kumuuliza mtu. Sisi tulimwita Mtani. Kila msimu wa vitunguu alikuja kutusaidia kukata majani na kuchambua, na lundo lake likiwa tayari tulikwenda sisi kwake. Tukishakaa tu kulizunguka lundo, anaanza.

"Bi harusi, yule mtoto anayekimbiza mbuzi kule anaitwa nani vile? Nimesahau."

Nilikuwa na miaka kadhaa kwenye ndoa, lakini kwake nilibaki bi harusi. Siku moja alinibana mpaka nikatokwa machozi ambayo sikuweza kuvisingizia vitunguu. Mama mkwe wangu akaweka kisu chini.

"Kuanzia leo, hapa lundoni hakuna kutaja jina la mtu. Jina lolote. Atakayetaja atachota maji ya chai."

"Nani kapitisha?" Mtani akauliza.

"Haya, tupige kura."

Tulikuwa wanne: mama, binti yake ambaye ni wifi yangu, Mtani na mimi. Visu vitatu vikainuka juu. Mtani akakataa, akashindwa, na kabla jua halijafika utosini alikuwa ameshachota maji mara mbili kwa kumtaja mume wake. Hapo ndipo akaona kwamba na yeye anaweza kutunga sheria za kutukomoa. Mchezo ukaanza hivyo, kwa hasira zake.

Utaratibu ulijijenga wenyewe. Kila asubuhi yeyote aliweza kuleta sheria mpya au kuomba ya zamani ifutwe. Ikikataliwa na mtu mmoja tu, inapita. Wakikataa wawili, imekufa. Kosa lazima lishtakiwe na mtu aliyeliona, ambaye ndiye huchagua adhabu, na likipita siku nzima bila kushtakiwa, limesamehewa. Tulipiga marufuku kuzungumzia bei ya vitunguu kabla ya chai, kwa sababu mazungumzo hayo yalitia watu uchungu tumbo likiwa tupu. Tulipiga marufuku kupokea simu kwa spika. Tulikatazana pia kusema Kinyiramba, Kigogo na Kinyaturu pale lundoni, ili mtu asisengenywe akiwa amekaa hapohapo. Mkosaji alivishwa mkufu wa majani ya vitunguu, au alikaa upande ule ambao upepo wa Misigiri unapeperushia maganda usoni.

Adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa radhi. Aliileta Mtani baada ya mimi kusema kwamba chai yake ina ladha ya moshi. Ilivyokuwa ni kwamba mkosaji anasimama, na kila mmoja wa wale wengine anampa neno moja. Maneno hayo yote matatu lazima yaingie katika radhi yake, tena yaingie kwa maana, siyo kuyatupia tu mwishoni. Akimaliza, aliyekosewa anajibu "Nimepokea" au "Sijapokea". Akisema hajapokea, radhi inarudiwa kesho yake mbele ya watu walewale, kwa maneno yaleyale lakini kwa namna nyingine, na wote wawili, anayeomba na anayeombwa, lazima wawepo.

Kwa ile chai nilipewa "askofu", "pikipiki" na "mlenda". Nilimwambia Mtani kwamba chai yake ingepelekwa kwa askofu, askofu angepanda pikipiki mwenyewe kuja kuomba ya pili, na kwamba ulimi wangu uliteleza kama mlenda. Wifi alicheka mpaka akaegemea gunia. Mtani akasema hajapokea. Kesho yake hakupokea tena. Alikuwa ameonja utamu wa kuombwa, na juma lile lote nilimpandisha yule askofu kwenye pikipiki kila asubuhi mpaka nikamchukia.

Mama hakuwahi kuangukia kwenye radhi. Alikuwa mwangalifu, na siku ileile adhabu ilipopitishwa alileta sheria nyingine juu yake: mzazi haombi radhi kwa mtoto aliyemzaa. Hakuna aliyeshangaa. Radhi ni ya mzazi. Yeye ndiye wa kuitoa au kuizuia, na mtoto ndiye wa kuiomba. Sote tuliinua visu. Wifi naye aliinua, bila kumtazama mtu.

Nieleze mambo yalivyokuwa kati yao, maana pale lundoni yalikuwepo muda wote, hata tukicheka.

Wifi aliolewa kabla ya kaka yake kunioa mimi. Ng'ombe wa mahari yake walikuja hapa, wakakaa kidogo, kisha wakaswagwa hadi Ikungi kwa baba yangu. Kwa maneno mengine, ng'ombe waliomtoa yeye ndio walionileta mimi. Ni jambo la kawaida na kila mtu analijua, wala hakuna anayelisema. Nilikuwa bado mgeni nyumbani humu, nanyenyekea kila kitu chenye miguu, siku alipotokea mlangoni mchana amevimba jicho. Alikuwa ametembea kutoka kwa mumewe. Nilikwenda kumchukulia maji. Niliporudi na jagi, mama alikuwa ametoka nyuma ya nyumba na kuku amefungwa miguu, akamkabidhi binti yake.

"Mpelekee mumeo. Mwambie mama amekusalimu."

Wifi alimpokea yule kuku, akamweka kwapani, akarudi alikotoka. Maji hakuyanywa. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, na uamuzi ulikuwa wa mama peke yake.

Alirudi moja kwa moja baada ya mume kuoa mwingine na kumwambia aende kwao. Kufikia hapo sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Alipewa chumba, akapewa jembe, na hakuna aliyetaja kuku. Tangu hapo mama na binti yake waliongea kupitia kwangu. "Mwambie mama maji yamechemka," na mama amekaa palepale. "Mwambie huyo aanike kanga zangu." Mimi niligeuka kulia, niligeuka kushoto, nikasema mara ya pili kitu ambacho kila mtu alishakisikia. Kuna siku nilitamani kuwapiga wote wawili. Na pale lundoni mama alikaa daima upande wa kushoto wa binti yake, upande wa sikio lile. Sikujua kama ni mazoea au ni kujificha.

Ndiyo maana niliupenda ule mchezo kuliko wenzangu walivyojua. Lundoni walikuwa wanalazimika. Mama akileta sheria, binti lazima apige kura. Binti akishtaki, mama lazima asikilize. Msimu mzima walipingana kuhusu simu na maganda na chai, na mimi nikapumzisha shingo.

Msimu ulipokuwa unaisha wifi aliniita uani. Alikuwa amepata chumba Utemini, Singida mjini, na rafiki yake mwenye vyerehani alikuwa tayari kumchukua.

"Mwambie mama tukimaliza lundo hili, asubuhi yake naondoka. Na sirudi. Hata kwenye msiba sirudi."

"Msiba wa nani, wifi?"

"Wa mtu yeyote."

Nilifikisha ile ya Utemini na vyerehani. Ile nyingine niliimeza. Mama alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta.

"Na msiba?" akauliza. "Hajasema msiba?"

Nikaanza kuokota punje za mtama zilizomwagika, akawa amejibiwa. Niliogopa sana siku ile. Nilimwona mama wa watu amelala kwenye mkeka wa mwisho, sisi tukipokea wageni mlangoni, na kila mgeni akiuliza binti yuko wapi. Na nilijua kwamba binti huyu akisema hatakuja, hatakuja.

Siku ya mwisho lundo lilikuwa dogo, halikufika hata nusu ya turubai. Begi la wifi lilikuwa limeshafungwa, limesimamishwa mlangoni kwake ambapo kila mtu angeliona. Tulikaa. Kabla hatujashika kazi vizuri, mama akasema ana sheria.

"Leo hii ya mwisho?" Mtani akauliza. "Tutaitumia lini?"

"Nataka kufuta. Ile niliyoleta mimi, ya mzazi haombi radhi."

Wifi aliendelea kukata majani, kisu kikienda haraka kuliko kawaida.

"Nakataa," alisema. "Mchezo ni mchezo."

Kukataa kulishakuwa kumoja. Akikataa na mwingine, imekufa. Mtani aliinua kisu chake taratibu. Mama alishainua chake. Wote wakanitazama mimi.

Sijui kama naweza kueleza uzito wa kile kisu. Kumwinulia mama mkwe kisu ili asimamishwe aombe radhi kwa mtoto wake, mbele ya jirani, halikuwa jambo la mkamwana. Kwetu ningetajwa mpaka uzeeni. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya wale ng'ombe miaka yote hiyo, nakula, nazaa, nacheka. Kama kulikuwa na mtu ambaye hakuwa na haki ya kufunga mlango ule, ni mimi. Nikainua.

Sheria ikafutwa. Mama akashika kitunguu, akakata majani yake, akakiweka upande wa vilivyo safi. Kisha akamtaja binti yake kwa jina.

Alilitaja lote, la ubatizo na la nyumbani lile alilopewa na bibi yake, ambalo sikuwa nimelisikia tangu niolewe. Alilisema kama mtu anayemwita mtoto aje ale. Halafu akarudi kukata vitunguu.

Ilikuwa kosa la wazi, la kuvunja sheria ya kwanza kabisa. Na hakuna aliyeshtaki. Wifi alikuwa ameinama, uso hauonekani. Lundo likazidi kushuka, na nikawa nahesabu moyoni kwamba likiisha hivihivi, kosa limesamehewa, na begi linaondoka.

"Nashtaki," Mtani akasema.

Nimegombana na mwanamke yule mara nyingi na nitagombana naye tena, lakini kwa neno lile moja nitamzika kwa heshima zote. Hakulisema kwa utani. Aliongeza tu, "Aliyetajwa ndiye aliyekosewa. Simama, mama. Neno langu ni treni." Siku zote alitoa treni; alizaliwa karibu na reli na aliona hakuna neno zuri kama hilo.

Mimi nilipapatika nikasema sufuria, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yangu.

Tukamngoja wifi. Alifuta kisu kwenye kanga, upande huu, upande ule.

"Kuku," akasema.

Mama alisimama. Kabla ya kufungua mdomo alilizunguka lundo, akapita nyuma ya Mtani na nyuma yangu, akaenda kusimama upande wa kulia wa binti yake.

"Naomba radhi kwa kulitaja jina lako hapa lundoni. Hilo ni la mchezo," alianza. "Kuna lingine. Siku ile ulipokuja ulikuwa hujala. Sufuria ya makande ilikuwa jikoni, ya moto, na sikukupakulia. Nilijua nikikupakulia utakaa. Nikaenda nyuma nikamkamata kuku, yule mwekundu. Alikuwa ameatamia. Nikamtoa kwenye mayai yake nikakupa wewe umbebe. Niliogopa ng'ombe, mwanangu. Walikuwa wameshafika Ikungi, na mke wa kaka yako alikuwa amesimama pale na jagi mkononi. Ningewatoa wapi. Nikaona afadhali urudi wewe."

Nilidhani amemaliza, ila treni ilikuwa bado.

"Wanasema mama anaweza kusimama hata mbele ya treni kwa ajili ya mtoto wake. Mimi sikusimama hata mlangoni."

Baada ya hapo aliingia kwenye Kinyiramba. Ilikuwa marufuku, na yalikuwa maneno mengi, ya chini, ambayo mimi niliambulia nusu tu. Nilisikia sikio likitajwa. Mtani alichukua kitunguu akakimenya ganda baada ya ganda mpaka kikaisha mkononi, na hakushtaki.

Mama alipomaliza alibaki amesimama, mikono imening'inia, akisubiri jibu kama sheria inavyotaka. Sijawahi kumhurumia mtu mzima namna ile. Nilimwombea "nimepokea" kwa nguvu zote nilizokuwa nazo; niliona neno hilo moja likilifungua begi mlangoni na kuzitoa nguo moja moja.

"Sijapokea," wifi akasema.

Nikafumba macho.

"Haijakaa vizuri," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Treni umeiweka mwisho sana. Utarudia kesho."

"Nitarudia," mama akasema, akarudi kukaa.

Ilinichukua muda kuelewa, na Mtani aliniwahi, kwa sababu nilimwona anajifuta macho kwa kiwiko na kuvilaumu vitunguu. Kesho yake wifi alitakiwa awe ndani ya gari la kwenda mjini. Lakini radhi inarudiwa mbele ya watu walewale, na anayeombwa lazima awepo.

Asubuhi hapakuwa na lundo tena. Magunia yalikuwa yameshonwa. Nilipotoka nilimkuta mama ametandika turubai mahali palepale na kumwaga juu yake ungo mmoja wa vitunguu vilivyooza, tulivyokuwa tumevitupa, ili pawe na lundo. Mtani akaja, akatazama vile vioza, akakaa. Begi halikuwepo mlangoni. Wifi alitoka akiwa na kisu chake, akamwachia mama nafasi upande wa kulia.

"Shikamoo mama," alisema, mwenyewe, si kupitia kwangu.

"Marahaba, mwanangu."

Hakupokea siku hiyo, wala iliyofuata. Mwishowe alikwenda Utemini, maana vyerehani vilikuwa vya kweli na chumba kilikuwa kimeshalipiwa. Ila kila alipopata nafasi alikuja, na kila alipokuja mama alisimama. Ameshaisema radhi ile kwa namna ambazo sikudhani Kiswahili kinazo. Ameianza kwa sufuria, ameianza kwa treni, kuna mara aliianza kwa yule kuku mwekundu, alitagia wapi na vifaranga wake wa nyuma walikuwa wa rangi gani. Wifi husikiliza yote, kisha husema hajapokea, kisha huomba chakula.

Mwaka huu mama amezeeka ghafla. Husimama ameshika nguzo ya jiko. Nikachoka kumwona hivyo, na nilipokuwa nikimsindikiza wifi kwenye gari nikamwambia kwa ukali ambao sijawahi kumtolea.

"Pokea basi. Mtu mzima unamsimamisha mpaka lini?"

Alinitazama kama anayeshangaa kwamba sijaelewa.

"Nikipokea, kesi imekwisha," alisema, akapanda gari.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamweleza mama kila neno, kwa sababu nilitaka na yeye akasirike. Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Mwambie asipokee," alisema. "Mwambie asije akapokea kabisa."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. Nimeshageuza shingo yangu vya kutosha katika nyumba hii. Nikapiga namba ya wifi nikampa simu.

Nilimsikia wifi akiamkia, gari likiunguruma nyuma yake.

"Marahaba. Weka sikio la kulia," mama akasema. "Umeweka? Jumapili ya mwisho wa mwezi unakuja? Haya, njoo. Nimepata namna nyingine ya kuiingiza treni."